Nguzo Isiyoliwa na Mchwa

Mwizi anayefunga lango nyuma yake ni mwizi wa kumstaajabia. Afande Hajra alilikagua lango la zizi kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Kamba ya katani ilikuwa imezungushwa mara tatu, ikakazwa, na ncha yake ikachomekwa ndani ili ndama asiitafune.

"Nani alifunga hivi?"

"Si mimi, mayu," alisema Lubasha, mwenye zizi. Kwake yeye kila mwanamke wa heshima alikuwa mayu, yaani mama, hata akiwa na pingu kiunoni. "Mimi nazungusha mara moja tu. Ng'ombe wangu wananiheshimu."

"Wanakuheshimu wewe au wanaiheshimu fimbo?"

Lubasha akacheka, kisha akakumbuka kwamba ameibiwa, akaufunga mdomo.

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Hajra alikuwa na mwaka wa pili wa upolisi kata hapo Chinongwe. Alizaliwa Mtua, upande wa Nachingwea, akalelewa na bibi aliyemlisha vitendawili mpaka akashiba. Bibi alikuwa akimwambia: ukitega vibaya, mjukuu wangu, hata mjuzi atakunyamazia. Maneno hayo Hajra aliyabeba mpaka chuo cha polisi, na huko hakufundishwa mengine yaliyoyazidi.

Kilichoibwa hakikuwa ng'ombe wala mbuzi. Ilikuwa nguzo.

"Nieleze tangu mwanzo, dada Helena," alimwambia mke wa Lubasha. "Jifanye mimi nimeshuka kwenye basi sasa hivi."

Helena akaeleza. Alikuwa akiuza samli kwenye gulio, na mwenzake wa jirani, Zuleha wa Mtua, akiuza korosho. Siku moja alilalamika kwamba mchwa wa huku wanakula zizi kuliko ng'ombe wanavyokula majani. Kila mvua, nguzo mpya. Zuleha akamwonyesha vidole vyake, vyeusi vya mbangua korosho wa miaka mingi. "Mchwa hali kitu chenye mafuta ya ganda hili," alisema. "Na maganda tunayatupa, vilima kwa vilima."

Basi wakakata mti mmoja wa mkaratusi vipande viwili sawasawa. Kimoja Zuleha alikipaka mafuta meusi aliyoyachemsha kwenye pipa kutoka kwenye maganda. Cha pili wakakiacha kama Mungu alivyokiumba. Wakavisimika vyote viwili kando ya kichuguu, nyuma ya zizi. Mvua mbili zikapita. Jumatatu hii walivifukua. Kilichopakwa kilitoka kizima, kizito, kinalia ukikigonga. Cha pili kilitoka kama sega la nyuki.

Na Jumamosi hii, ukumbini Ruangwa mjini, lingefanyika shindano la mawazo ya biashara ndogo, la wananchi wa Nachingwea na Ruangwa. Watakaoshinda wangepewa mtaji. Helena na Zuleha walikuwa wamejaza fomu kwa pamoja, mfugaji na mkulima kwenye karatasi moja, jambo ambalo karani wa kata alilisoma mara mbili kabla ya kuligonga muhuri. Waliomba mashine ya kukamua maganda. Fomu ilisema wazi: mshiriki aje na kielelezo. Asiye na kielelezo, wazo lake litahesabiwa halijajaribiwa, na mwaka huu hapati kitu.

"Jana, Jumanne, tulikwenda mnadani sote," Helena alimaliza. "Nguzo mbili tuliziegemeza hapa uani zikauke. Tuliporudi jioni, moja haipo."

"Ile nzuri?"

"Angeichukua mbovu ya nini, Afande?"

Hajra aliinama kwenye vumbi la nje ya ua, mahali ambapo ng'ombe hawakupita. Akahesabu nyayo. Kandambili. Buti la mvua. Viatu vya matairi. Na miguu mitupu, mipana, yenye kidole gumba kilichojitenga. Watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma, hatua zao zikilingana. Akachora kila unyayo kwenye daftari lake. Kisha akaokota karatasi ndogo ya njano iliyonasa kwenye miiba. Imeandikwa: *Faridi Kashata Safi, Nandagala.*

"Huyo ni mshindani wetu!" Sauti ilitoka nyuma. Zuleha alikuwa ameshuka kwenye bodaboda iliyomleta kutoka Mtua, khanga imejaa vumbi. "Kumbe ni Faridi! Ile kashata yake imshinde kumeza!"

"Taratibu, dada. Karatasi haibebi nguzo."

"Na nyie shemeji Lubasha, mkaenda mnadani nyumba nzima, mkaacha kitu kama kile uani?"

"Nguzo, mayu! Nani anaiba nguzo?" Lubasha alipandisha. "Tangu tufike huku kila kinachopotea ni Msukuma. Leo kimepotea cha Msukuma, bado mwenye kosa ni Msukuma?"

Zuleha akakung'uta vumbi kwenye khanga yake. Helena akatazama chini. Hajra aliona pale pale kwamba kilichokuwa hatarini kilizidi mti wa mkaratusi. Kijijini watu walishaanza kusema kwamba wafugaji wameichoma wenyewe wakapikia ugali. Na majirani wa Lubasha walisema wakulima wamefanya fitina. Karatasi yenye majina mawili ilikuwa inaanza kuchanika katikati.

"Nisikilizeni," alisema. "Mwenye wivu angeondoka na zote mbili, au angezichoma hapa hapa. Mtafuta kuni angechukua ile iliyoliwa, maana ni kavu na nyepesi. Hawa walitaka mti mzima, mzito. Wakaja wanne. Kuku hawakuguswa, ndama hawakuguswa. Wakatoka, wakafunga lango ili mifugo yenu isiingie kwenye mashamba. Huyo ni mwizi gani?"

Akamgeukia Zuleha.

"Dada Zuleha, hiyo nguzo uliifanya nini Jumatatu?"

Zuleha akaona haya kidogo. "Niliipaka tena, Afande. Ile rangi ilikuwa imefifia. Nikasema ing'ae mbele ya majaji."

"Mafuta mabichi?"

"Mabichi. Nilijipaka majivu na mafuta ya nyonyo mikononi kwanza, kama kawaida."

"Na asiyejipaka?"

"Siku ya pili atakwambia yeye mwenyewe."

Hajra akaandika: *Tazama mikono.* Akapiga mstari chini yake.

Njiani kuelekea Nandagala alipishana na Mzee Saburi, mchimba makaburi mkuu wa kijiji, mwenye kanzu iliyokuwa nyeupe zamani. Hajra akashuka kwenye pikipiki kwa heshima.

"Shikamoo, mzee wangu. Poleni na msiba." Mzee Yunusi, mkulima mkubwa wa korosho hapo, alifariki alfajiri ya Jumanne na kuzikwa alasiri ya siku hiyo hiyo.

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Mzee hakutoa mkono. Mikono yote miwili ilikuwa mifukoni mwa kanzu.

"Mzee wangu, jana hapa hapa njiani, hukumwona mwizi?"

"Mwizi? Jana kijiji kizima kilikuwa kwenye msiba. Mwizi gani apite mbele ya watu wote wale? Sikumwona, wallahi."

Alisema kweli, na uso wake ulisema kweli. Hajra akashukuru akaondoka. Kwenye daftari aliandika: *Saburi, hajamwona mwizi. Anaaminika.*

Faridi alikuwa uani kwake, amevaa aproni, anakoroga sukari na ufuta kwenye sufuria kubwa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye maneno mengi kuliko ufuta wake. Alipoonyeshwa karatasi ya njano hakukana.

"Ni yangu, Afande. Nilikwenda kwa Lubasha jana, saa nne asubuhi."

"Kufanya nini?"

"Kuchungulia."

"Kuchungulia nini?"

"Nimeshindwa au bado. Nisije nikashona suti bure." Akakoroga. "Niliziona zote mbili, zimeegemea ua. Moja nzima, moja imetafunwa. Nikala kashata yangu moja kwa huzuni, nikaondoka. Pale pana mbwa watatu, Afande, na wote hawapendi wafanyabiashara."

"Kwa hiyo saa nne nguzo ilikuwapo."

"Ilikuwapo, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi."

"Na hukurudi kuichukua?"

"Mimi nauza kashata! Nguzo nitaitafuna?"

"Nionyeshe mikono."

Faridi akafuta mikono kwenye aproni akainyoosha. Hajra akaigeuza, mbele na nyuma, kidole kwa kidole. Safi. Gumba moja tu lilikuwa na alama ya kuungua, duara dogo, la sukari ya moto.

"Basi una bahati," alimwambia.

"Bahati ya nini? Kama hawana kielelezo, mimi ndiye wa kwanza." Kisha akakuna kichwa. "Lakini, Afande, ushindi wa namna hiyo haulambiki. Itafute."

Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, ilisomwa hitima ya siku ya tatu ya Mzee Yunusi. Hajra alikwenda kama jirani, amefunga khanga juu ya sare, akaketi jikoni na akina mama. Masufuria matatu ya wali, moja la nyama. Masinia yalikuwa yakipangwa chini, na watu sita sita kwa kila sinia, kama ilivyo desturi.

Mara akaingia mama mmoja mnene aliyekuwa akipeleka maji ya kunawa kwa wanaume. Alikuwa amekasirika.

"Jamani, dunia imekwisha! Wanaume wa leo wanataka vijiko!"

"Vijiko msibani?" mwingine akauliza.

"Msibani! Nimewapelekea maji ya kunawa, hawanawi. Wanasema leteni vijiko. Vinne!"

Akina mama wakacheka. "Wameshakuwa wazungu. Kesho wataomba uma."

Hajra hakucheka. "Nani hao, mama?"

"Si hao hao waliochimba kaburi. Saburi, mjukuu wake Jumanne, na wenziwe wawili."

Vijiko vinne. Nyayo nne. Hajra akachukua vile vijiko mkononi mwa yule mama, akasema, "Nitapeleka mimi."

Pale kwenye mkeka wa wanaume wale wanne walikuwa wamekaa sinia moja peke yao, mikono imefichwa chini ya nguo. Viatu vyao vilikuwa nyuma yao kwenye vumbi: kandambili, buti la mvua, viatu vya matairi. Mzee Saburi hakuwa na viatu. Hakuwa navyo miaka yote ya uhai wake. Hajra akainama, akamnyooshea kijiko cha kwanza, na mzee hakuwa na njia ila kutoa mkono.

Kiganja kilikuwa chekundu, kimevimba, na ngozi inabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa.

Hajra akamwachia kijiko. Aliwaacha wakala, wakamaliza, dua ikasomwa, watu wakaitikia amina. Mpelelezi mzuri hamuulizi mtu swali na tonge likiwa mdomoni. Akatuma ujumbe kwa simu kwa Helena na Zuleha: *Njooni msibani. Na shemeji naye.* Walipofika ndipo akawaita wale wanne kando, kwenye kivuli cha ghala la korosho la marehemu.

"Mzee wangu," alianza, "jana nilikuuliza kama umemwona mwizi."

"Na nilikujibu. Sikumwona."

"Ulijibu vizuri. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Leo nina swali jingine, lakini kwanza kitendawili."

Mzee Saburi, hata na mikono inayowaka, hakuweza kukataa kitendawili. "Tega."

"Nyumba yajengwa na majirani, mwenyewe hakuchagua mti, na akihamia haulizi bei."

Jumanne akatazama vidole vya miguu yake.

"Kaburi," alisema mzee.

"Basi swali langu ni hili. Mwanandani wa Mzee Yunusi, ile nafasi alimolala, mmeufunika kwa mti wa nani?"

"Wa huyu." Mzee Saburi alimwelekezea Lubasha kidevu, bila kusita hata kidogo. "Tulikuta hawapo nyumbani. Lakini mti wa kaburi hauombwi, mwanangu, wewe ni mtoto wa huku, unajua. Kaburi likikosa mti, unachukua ulio karibu, kisha unamwambia mwenyewe baada ya kuzika. Hakuna mtu anayekataa." Akamgeukia mjukuu wake. "Kwani hukwenda kumwambia? Si nilikutuma juzi ile ile?"

Jumanne alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, lakini pale alijikunja akawa wa saba.

"Nilikwenda, babu. Nikakuta mbwa, na safari hiyo nilikuwa peke yangu."

"Na jana?"

"Jana mikono ilikuwa imeanza kuwaka. Nikaogopa."

"Uliogopa mbwa au mikono?" aliuliza Hajra.

"Marehemu." Jumanne akaficha mikono nyuma. "Mzee Yunusi alipokuwa hai alisema hataki kitu cha wafugaji kwenye ardhi yake. Hata samli yao alikuwa hali. Na sisi tumemfunika kwa mti wa zizi lao. Ilipoanza kututoka ngozi wote wanne, na ni sisi tuliougusa tu, nikajua kakasirika."

Wale wenzao wawili wakaitikia kwa vichwa. Mzee Saburi akashusha pumzi.

"Na mimi nilidhani nimekosea kuuchonga mwanandani," alisema taratibu. "Miaka thelathini na mmoja ya kuchimba. Nikasema, leo nimezeeka, nimemlaza mwenzangu vibaya. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?"

Ndipo Zuleha alipopenya katikati yao, akanyoosha mikono yake mwenyewe, na makovu yake ya zamani na vidole vyake vyeusi.

"Babu, tazama. Hii ni hasira ya ganda la korosho. Haijali maiti wala mzima. Niliipaka ile nguzo mafuta mabichi Jumatatu. Mngenawa majivu na nyonyo kwanza, msingeona kitu. Nendeni zahanati leo, mtapewa dawa ya kupaka. Mzee Yunusi hana ugomvi na mtu."

Mzee Saburi aliitazama ile mikono ya Zuleha, kisha yake. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akaanza kucheka kwa sauti ndogo, na machozi kidogo, akajifuta kwa kiwiko.

Jumanne akapata ujasiri. "Basi, Afande, kama ni mali ya shindano, tunaweza kufukua usiku huu tukabadilisha miti. Sisi wanne tu. Hakuna atakayejua."

Hajra alimtazama Helena, maana mti ulitoka uani kwake.

Helena alisimama wima. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na Kiswahili chake kilikuwa bado na uzito wa Ziwa. "Hapana," alisema. "Wa kwetu hafukuliwi kwa ajili ya shindano."

Wote walilisikia lile neno. *Wa kwetu.* Mtu ambaye hakutaka hata samli yao.

Mzee Saburi akavuta kanzu yake ikae sawa, akasema maneno ambayo yangetakiwa kusemwa siku ya Jumanne. "Mama, mti wako uko kwa Yunusi."

Zuleha akamnong'oneza Helena jibu lake, lile linalojibiwa na kila mtu wa huku tangu mababu. Helena akalirudia neno kwa neno: "Mungu aupokee."

"Na ulitosha?" aliuliza Lubasha, kama fundi anayeulizia kazi yake.

"Umetosha, bwana. Vipande saba. Hakikubaki hata kijiti."

"Kilibaki," alisema Hajra. "Mlikatia wapi?"

Wakampeleka kwenye ukingo wa makaburi. Pale shoka lilipofanya kazi, vibanzi vilikuwa bado vimetapakaa kwenye majani. Hajra akapiga magoti na bahasha ya khaki, akachagua sita. Kila kimoja kilikuwa cheusi upande wa nje, na ndani cheupe kama nazi. Hakuna njia ya mchwa hata moja. Akaandika juu ya bahasha tarehe, saa na mahali, akawapa wale wanne wakatia sahihi. Jumanne alitia dole gumba, maana kalamu ilimuuma.

Jumamosi ukumbi wa Ruangwa ulijaa mpaka madirishani. Faridi alitangulia, amevaa suti yake, akagawa kashata kwa majaji, akashangiliwa. Kisha yakaitwa majina mawili kwa pamoja, na watu wakageuza shingo: mama wa Mtua mwenye hijabu ya kijani, na mama Msukuma mwenye vitenge viwili, wamebeba gogo moja lililoliwa na mchwa kama wamebeba mtoto wa mfalme.

Helena ndiye aliyesema. Alieleza zizi lake, mvua, nguzo mpya kila mwaka. Zuleha akaeleza maganda, pipa, mafuta, na namna ya kujikinga mikono. Hawakubabaika. Mwenyekiti wa majaji, mama mwenye miwani, akafunua fomu yao.

"Hapa mmeandika nguzo mbili. Naona moja, na hii imeliwa. Ile nyingine iko wapi?"

Hajra akasimama kutoka safu ya nyuma, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, naomba kutoa taarifa ya polisi kata."

"Toa, Afande."

"Siku ya Jumatano nilipokea malalamiko ya wizi. Nimechunguza. Wizi haukutokea. Hivi ni vibanzi sita vya nguzo hiyo, vimeokotwa mbele ya mashahidi wanne." Akaiweka bahasha mezani. "Mashahidi hao hapa."

Wale wanne wakaja mbele. Mikono ilikuwa imefungwa bendeji nyeupe, kazi ya zahanati. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Saburi akakohoa.

"Mimi ni mchimba makaburi," alisema. "Sijui kusema mbele za watu, watu wangu huwa wamelala. Siku ile tulikosa mti. Nilipita nyumba tisa za karibu. Kila mti nilioukuta niliugonga kwa mgongo wa panga. Huu ukasema *po*, huo ukasema *po*, mchwa tupu. Nikafika kwa huyu mama. Nikagonga hiyo." Akaligusa gogo bovu kwa kiwiko, vumbi likamwagika sakafuni. "*Po.* Nikagonga ya pili. *Nge!* Kama kengele ya shule. Nikasema, hii ndiyo ya Yunusi. Sikujua imepakwa nini. Sikujua habari za shindano. Nilikuwa natafuta mti utakaomlinda mwenzangu, basi. Nikauchagua huo. Na siurudishi."

Mwenyekiti alivua miwani, akaokota kibanzi kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akampa jaji wa pili, naye akampa wa tatu.

"Afande, nielewe vizuri," alisema. "Kielelezo kimepatikana?"

"Kimepatikana, mwenyekiti."

"Kiko wapi sasa hivi?"

"Kiko kazini."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Faridi. Alisimama juu ya kiti na suti yake mpya, akapiga mpaka kifungo kikakatika. Kisha ukumbi mzima.

Majaji walijifungia robo saa. Walipotoka, Faridi alitajwa wa pili, akapokea bahasha yake akiibusu. Na wa kwanza yalitajwa majina mawili kwa pumzi moja, Zuleha na Helena, kama vile ni jina la mtu mmoja. Akina mama wa Mtua walipiga vigelegele. Wake wa wafugaji, waliokuwa wamekaa peke yao karibu na mlango, wakaitikia kwa vigelegele vyao, vya sauti nyingine, na kwa muda fulani hungeweza kujua vipi ni vya nani. Lubasha alikuwa akimwambia kila aliyepita, "Zizi langu hilo! Mti ulisimama kwenye zizi langu!"

Hajra alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafungua daftari apate kufunga jalada. Kwenye *mtuhumiwa* akapiga mstari. Kwenye *mali iliyopotea* akaandika: nguzo moja. Kwenye *hali ya mali* akafikiri kidogo, akaandika: nzima. Alipoinua macho, Mzee Saburi alikuwa amesimama mbele ya meza ya washindi, na Helena alikuwa ameshika kalamu mpya, ile waliyopewa na majaji pamoja na cheti.

"Mama, mmeshaanza kupokea oda?"

"Mashine bado, babu. Lakini naandika."

"Basi andika. Vipande saba, urefu kama wa Yunusi. Vipakwe vizuri, vikauke."

"Niandike kwa jina la nani?"

"Langu," alisema Mzee Saburi, akautua mkono wake wenye bendeji kando ya daftari la Helena ili asome vizuri wakati jina likiandikwa. "Ila msiniharakishe. Vikae tu kwako zizini, vinisubiri."